Wapangaji wanataka king'amuzi kiwe chao: nibadilishe nini kwenye kebo ya ploti?

Ploti_Muyeye (Malindi)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Naomba msaada wa wanaoijua kebo.

Ploti iko Muyeye: nyumba 48, ghorofa tatu, 16 kila ghorofa. Juu ya paa pana antena moja ya UHF na madishi mawili, chini ya ngazi pana kabati la mtambo. Chaneli zinatoka kwa DVB-C (dijitali ya kebo) katika masafa sita, kuanzia 474 hadi 514 MHz, kwa 64-QAM (namna ya kupakia data kwenye sinyali). Kila mpangaji anapewa king'amuzi cha ploti: amana shilingi 2,000, kodi ya king'amuzi 150 kwa mwezi, kisha ada ya kebo kando. Chaneli nyingi ni za bure. Nane ni za kulipia, tuna mkataba nazo, na mkataba unasema lazima zifungwe.

Sasa wapangaji wamepiga hesabu. 150 mara 12 ni 1,800, miaka miwili 3,600, na ving'amuzi vyenyewe vilinunuliwa kwa jumla 2,600 kimoja. Wanataka wajinunulie dukani, wachomeke waya, walipe ada ya kebo tu. Mimi sina ubishi na hilo. Ninachotaka kujua:

1. Mpangaji aambiwe anunue king'amuzi cha namna gani hasa?
2. Kwenye mtambo kuna cha kubadilisha?
3. Zile chaneli nane zitafunguka vipi kwenye kifaa kisicho cha ploti?
4. Asiyelipa atakatwaje ikiwa kifaa ni chake?

---

FundiKebo

Waaleikum salaam. Nianze na la nne, maana ndilo linalowatisha wenye ploti na ndilo jepesi kuliko yote. Kwa nyumba 48 hukati king'amuzi, unakata waya. Muradi kila nyumba ina waya wake kutoka kabati la ghorofa yake, asiyelipa unafungua koneta yake pale kabatini, unafunga kizibo cha ohmu 75 kwenye tundu lililobaki, unabandika karatasi yenye nambari ya nyumba na tarehe. Kizibo si pambo. Tundu likiachwa wazi linarudisha sinyali nyuma, na majirani wa ghorofa ile wanaanza kuona picha ikimeguka vipande kwenye chaneli fulani tu, nyingine ziko salama. Kabati lifungwe kwa kufuli. Lakini ikiwa nyaya zako zinaruka nyumba hadi nyumba, tengeneza hilo kwanza kabla ya habari yoyote ya ving'amuzi, kwani humkati mmoja bila kuwakata wote walio mbele yake.

Swali la kwanza. Wape karatasi, usiwape maneno ya mdomo, maana muuza duka atamwambia mteja "hiki kinashika kila kitu". Karatasi iseme: DVB-C (T2 ya antena peke yake haitoshi, S2 ya dishi peke yake haitoshi), 64-QAM na 256-QAM, simbolireti hadi 6900, video ya H.264 na ikiwezekana HEVC, tundu la HDMI pamoja na tundu tatu za AV kwa wenye televisheni za mgongo. Kiwe pia na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kama kifaa chochote cha mawasiliano kinachouzwa nchini.

Halafu kuna mtego wa sauti. Ving'amuzi vya bei rahisi mara nyingi havina leseni ya Dolby. Chaneli ikija na AC-3 au E-AC-3 (sauti za Dolby) peke yake, picha inatoka safi kama maji na sauti hakuna, na mpangaji ataapa kebo yako ndiyo mbovu. Pitia chaneli moja moja kwenye mtambo. Unazozipitisha kwenye enkoda, ziwekee sauti ya MPEG Layer II au AAC. Zinazopita bila kuguswa, angalia kama zina mkondo wa pili wa sauti, uuchague huo. Zikibaki hata mbili zenye Dolby tu, basi iandikwe kwenye karatasi: king'amuzi lazima kiwe na Dolby.

Na kabla hujamtuma mtu dukani, mwombe rimoti ya televisheni yake. Televisheni nyingi za sasa zina tuna ya T2, C na S2 kwa pamoja. Kwenye menyu ya kutafuta chaneli chagua kebo badala ya antena. Kama kebo haionekani, rudi kwenye mpangilio wa nchi: baadhi ya televisheni huificha DVB-C kulingana na nchi iliyochaguliwa siku ya kwanza. Huyo hahitaji king'amuzi kabisa kwa chaneli za bure.

Swali la pili ndilo lenye kazi. Ving'amuzi vyako vya sasa vilishalishwa masafa, kwa hiyo kasoro za mtambo hazionekani. Kifaa cha dukani hakijui lolote. Kinategemea jedwali linaloitwa NIT, linalosafiri ndani ya sinyali na kukiambia: mtandao huu una masafa haya sita, simbolireti hii, QAM hii. Modyuleta (vifaa vya mtambo vinavyoweka chaneli kwenye masafa) nyingi hutoka kiwandani kila moja ikijitaja yenyewe tu, tena zote kwa nambari ileile. Kinachotokea ni kwamba king'amuzi kinakuta masafa ya kwanza, kinadhani mtandao umeishia hapo. Au kibaya zaidi: kinaona masafa ya pili yana kitambulisho cha mkondo (TSID) sawa na ya kwanza, kinafuta chaneli za kwanza na kuweka za pili juu yake. Mpangaji anatafuta chaneli mara tatu na kila mara anapata orodha tofauti.

Kwa hiyo ingia kwenye modyuleta moja baada ya nyingine. Nambari ya mtandao iwe moja kwa zote sita. TSID ziwe tofauti, 1 hadi 6. Nambari ya kila chaneli (SID) isijirudie popote, hata baina ya masafa mawili. NIT iwe moja, yenye masafa yote sita, na irushwe kwenye yote sita. Weka na LCN (nambari za mpangilio wa chaneli) ili chaneli zikae kwa mpangilio uleule kila nyumba, la sivyo utapigiwa simu usiku wa mechi. Ukimaliza, chukua televisheni ambayo haijawahi kuunganishwa hapo, iambie itafute kwa mtandao, sio kwa masafa yote. Ikizipata zote kwa mara moja, umemaliza.

Jambo la mwisho: hama 474–514. Hayo ni masafa ya minara ya televisheni ya angani. Koneta moja iliyolegea inageuka antena, mnara unaingia kwenye waya, chaneli zinakatika. Nenda 306, 314, 322, 330, 338 na 346 MHz. Faida ya pili ni waya: RG6 hupoteza takriban desibeli 12 kwa mita 100 pale 346, na 14 au 15 pale 500.

Viwango: anza na 90 dBµV (kipimo cha nguvu ya sinyali) kwenye mlango wa amplifaya. Spliti (kigawanyaji cha waya) ya njia tatu inakula 6, waya wa kupanda mita 20 unakula 2.4, spliti ya 16 inakula 15, waya wa mita 25 hadi ndani unakula 3. Unabaki na 63 au 64 ukutani. Kwa 64-QAM kiwango kizuri ni 47 hadi 67, kwa hiyo hata mpangaji akiweka spliti ya mbili ya kwake (inakula 4) bado yuko ndani.

---

Mwamu_Langoni (Lamu)

FundiKebo, maelezo ni mazuri na sina la kupunguza kwenye NIT. Lakini kwenye mzizi nakupinga. Kwa nini DVB-C?

Mpangaji ni msafiri. Leo yuko Muyeye, mwakani yuko Kisumu Ndogo au amerudi Mpeketoni. Ukimwambia anunue king'amuzi cha DVB-C, siku akihama kinakuwa kopo, kwa sababu mtaani hakuna kebo, kuna antena. Hapo umemuuzia mbuzi kwenye gunia. Anamiliki plastiki, ada ya kutumia bado iko kwako.

Tangu analojia izimwe mwaka 2015, nyumba nyingi zina king'amuzi cha bure cha DVB-T2 au televisheni yenye T2 ndani. Na kifaa cha T2 kwa kawaida kinasoma DVB-T ya zamani bila tatizo. Badilisha modyuleta zitoe DVB-T: mkondo wa 8 MHz, 64-QAM, FEC 7/8, nafasi ya ulinzi 1/32. Kila masafa yanabeba takriban megabiti 31.7 kwa sekunde, badala ya 38 za DVB-C. Ukihesabu megabiti 7 kwa chaneli ya HD ya H.264, unapata nne badala ya tano. Sita mara nne ni 24, na kama hazitoshi ongeza modyuleta ya saba. Mpangaji akihamia kwako anachomoa antena, anachomeka waya wako, anatafuta chaneli, basi. Akihama anarudi kwenye antena. Huko ndiko kumiliki.

Sharti ni moja: ving'amuzi vingi vya T2 havioni 306 hadi 346, vinasikiliza UHF tu au UHF na VHF ya juu. Kwa hiyo lazima ubaki UHF, chini ya 694, na uchague masafa ambayo minara unayoishika haitumii. Tafuta kwa antena kwanza, andika yaliyotumika, kisha jiwekee mbali nayo. Na koneta ziwe za kubana kweli, maana hapo onyo la FundiKebo la mnara kuingia kwenye waya linakuhusu zaidi.

Kwa upande wetu wa kisiwani hesabu ya waya inakuwa ndefu zaidi: kuta za matumbawe zina unene wa nusu mita na zaidi, humtobolei mtu ukuta wa mzee wake kwa kila chumba. Kifaa kinachokubali antena iliyosimikwa kwenye boriti na waya wa jirani kwa pamoja kinaokoa mengi.

---

Kadi_na_Kufuli

Nyote wawili mmejibu habari ya sanduku. Swali la tatu ni habari ya ufunguo, na ufunguo ndio wenye kesi.

Chaneli iliyofungwa inakorogwa kwa neno la siri ambalo kwa kawaida hubadilika kila sekunde kumi hivi. Neno hilo linakuja ndani ya sinyali likiwa limefichwa, na kadi ndiyo inayolifichua, ikiwa imeruhusiwa. Mkoroganyo wenyewe ni wa kawaida kwa DVB yote. Kinachotofautiana ni kadi na mfumo wake. Kwa hiyo hakuna sababu ya kiufundi ya kadi kufungiwa kwenye sanduku moja, ila makampuni huifunga makusudi: chipu ya sanduku na kadi vinaoanishwa, ukihamisha kadi inakataa. Vingine havina hata kadi, siri imezikwa ndani ya chipu. Angalieni ving'amuzi vya kulipia tunavyonunua hapa Kenya. Umetoa pesa, una risiti, ni chako. Ukiacha kifurushi cha kampuni hii ukitaka cha ile, unanunua kingine, cha kwanza kinapandwa na vumbi juu ya kabati.

Wamarekani walilipigania hili miaka 24. Sheria yao ya mawasiliano ya 1996, kifungu cha 629, ilitaka mteja wa kebo aweze kununua kifaa kwa mtu asiye kampuni ya kebo. Suluhisho likawa CableCARD: kadi ya ukubwa wa kadi ya PCMCIA (zile za laptopu za zamani), ya kampuni, inayoingia kwenye kifaa cha mteja. Tangu tarehe 1 Julai 2007 makampuni yenyewe yakalazimishwa kutumia kadi hiyohiyo kwenye masanduku yao mapya. Kwa karatasi, kila kitu kiko sawa. Lakini mwaka 2015 maseneta wawili, Markey na Blumenthal, waliuliza makampuni na kukuta karibu wateja 99 kwa 100 bado wanakodi, kila nyumba takriban dola 231 kwa mwaka. Lazima hiyo ya masanduku ya kampuni bunge lilikuwa limeshaifuta kwa sheria ya 2014, na ikaisha Desemba 2015. Mwaka 2016 tume yao ya mawasiliano ikajaribu mpango mwingine, haukufika kura ya mwisho. Kanuni za kadi zenyewe ziliondolewa 2020.

Kwa nini ilikwama? Hapa ndipo Ploti_Muyeye asome polepole, kwa sababu makosa yale unaweza kuyarudia kwenye nyumba 48. Kifaa cha dukani chenye kadi kilisikia tu, hakikusema: kuagiza filamu hakukuwezekana, na kampuni zilipoanza kurusha chaneli pale tu inapoombwa, mwenye kifaa chake akalazimika kuongeza kijisanduku kingine cha USB. Kuoanisha kulitaka mteja apige simu asome nambari ndefu tatu, na mhudumu akikosea tarakimu moja chaneli za kulipia zinabaki nyeusi huku za bure zikionekana. Mara nyingi fundi wa kampuni alitakiwa kuja. Na kadi yenyewe ilikodishwa! Sanduku la kampuni liliwaka siku ileile, la kwako lilingoja wiki. Hakuna aliyekatazwa kununua, walichoshwa tu.

Ujerumani, kwa upande wa modemu na ruta, walifunga mianya hiyo: tangu tarehe 1 Agosti 2016 kampuni lazima impe mteja data za kuunganishia, na kwa kebo mteja anataja nambari ya kifaa chake, basi kinaunganishwa. Ulaya pia, televisheni ya dijitali yenye kioo cha zaidi ya sentimita 30 lazima iwe na tundu la wazi, lisilo la kampuni moja, la kuingizia moduli inayobeba kadi; ndilo hilo tunaloliita CI.

Basi kwako fanya hivi. Mwandikie anayekuuzia chaneli nane kwamba unataka kadi zioanishwe na moduli ya CI (CAM), zisioanishwe na sanduku. Soma kwanza kipengele cha mkataba kinachotaja vifaa vilivyokubaliwa; kama kinataja sanduku moja tu kwa jina, omba kibadilishwe kwa maandishi, usitegemee ahadi ya simu. Moduli na kadi vibaki mali ya ploti, kwa amana, bila kodi ya mwezi. Sanduku au televisheni ni ya mpangaji. Mtu anayezitaka zile nane lazima kifaa chake kiwe na tundu la CI, na hilo liingie kwenye ile karatasi ya FundiKebo. Angalia tundu kwa macho: televisheni nyingine zina nafasi ya plastiki upande wa nyuma, ndani hakuna kitu.

Makosa ya kawaida: moduli kuingizwa kichwa chini na kupinda pini (ziko 68), na saa ya mtambo kuwa mbovu. Moduli za CI+ (CI yenye ulinzi wa ziada) hukagua tarehe ya cheti chao kwa saa inayokuja kwenye sinyali, kwa hiyo modyuleta ikirusha tarehe ya mwaka wa kiwandani, moduli inakataa na kuandika cheti si halali. Rekebisha saa, saa za Afrika Mashariki ni UTC+3, kisha izime na kuiwasha.

Kuhusu DVB-T ya Mwamu: naiunga mkono kwa chaneli za bure. Kwa zile nane haibadilishi kitu, CI ni ileile.

---

Ploti_Muyeye (Malindi)

Shukrani sana. Nimezunguka na mita na rimoti. Kati ya nyumba 48, televisheni 31 zina tuna ya kebo ndani, na 9 tu zina tundu la CI la kweli. Wanaozitaka chaneli nane ni 14. Nyaya ni moja moja kwa kila nyumba, alhamdulillahi.

Vipimo, bado kwenye 474–514: ghorofa ya chini 74 dBµV, MER (kipimo cha usafi wa sinyali) 33. Ya kati 66, MER 32. Ya juu 58, MER 24, tena upande wa baharini inashuka hadi 21 na picha zinaganda. Niongeze amplifaya ya pili juu? Na kuna malalamiko ya kuumwa na umeme mtu akishika koneta.

---

FundiKebo

Usiongeze amplifaya. 58 inatosha kabisa. Kinachougua ni MER, na amplifaya inakuza ugonjwa pamoja na mgonjwa. Kwa 64-QAM taka MER 28 au zaidi ukutani. Chini una 33, maana yake mtambo na amplifaya yako ni wazima. Ubovu uko kati ya spliti ya chini na kabati la juu, na ule wa upande wa baharini una wake wa ziada.

Fungua koneta za waya unaopanda. Kama ni zile za kukunja kwa koleo, utakuta unga wa kijani au kutu. Uti wa RG6 nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Chumvi ikipata kijitundu kwenye ile shaba, chuma kinaliwa ndani na waya kwa nje unaonekana mpya. Kata sentimita 15 hadi 20, mpaka ufikie waya safi na nyuzi za nje zinazong'aa. Zikiwa nyeusi, kata tena. Nyeusi ikiendelea mita nzima, badilisha waya wote, usisumbuke. Weka koneta za kubana kwa kifaa maalumu, uti utokeze milimita 2 hadi 3 kupita mdomo wa koneta, paka silikoni ya grisi kidogo ndani, na kwa zilizo nje zungushia tepu ya mpira inayojigandisha. Tepu nyeusi ya kawaida jua la Malindi linaiyeyusha gundi kwa msimu mmoja, kisha inakuwa mfuko wa kuwekea maji. Waya ushuke kidogo kabla ya kuingia ukutani ili tone lidondoke nje. Upande unaopigwa na kusi ndio wa kuanza nao.

Ghorofa ya chini 74 imezidi kwa 64-QAM. Weka atenyueta ya desibeli 10 kwenye mlango wa spliti wa ghorofa ile, utapata 64. Usipunguze amplifaya kwa ajili yao, utawaumiza wa juu.

Umeme unaouma: hili litaongezeka wapangaji wakileta vifaa vyao, kwa hiyo lishughulikie sasa. Adapta na televisheni zenye plagi ya pini mbili huvujisha umeme mdogo kupitia kapasita ya kichujio hadi kwenye ganda la koneta. Kimoja hukisikii sana. Lakini maganda yote 48 yameunganishwa na waya wako: kila kimoja kikivujisha hata miliampia 0.1, jumla ni karibu 4.8, na anayechomoa waya wa mwisho huku miguu iko kwenye sakafu yenye maji ndiye anayezipokea zote. Kila kabati liwe na bamba la udongo, waya wa shaba wa milimita mraba 4 au zaidi kutoka spliti hadi kwenye udongo wa jengo, wala si kwenye bomba la maji la plastiki (nimeandika hilo kwa sababu lipo). Kabla ya kugusa, pima kwa multimita kati ya koneta na udongo. Ukiona karibu volti 120 kisha zinaanguka ukiweka balbu ndogo, ni mvujo wa kapasita. Zikibaki 240 na balbu inawaka kweli, kuna kifaa kibovu: zima swichi kuu, chomoa nyumba moja moja mpaka ukipate.

Kuhusu DVB-T: Mwamu ameshinda. Kwa mpangaji anayehama ni sawa. Basi baki UHF, lakini rekebisha koneta zote kwanza, na chagua masafa matupu.

---

Mwamu_Langoni (Lamu)

Ahsante yakhe. Nyongeza mbili. Kabati liwe na wavu mwembamba kwenye matundu ya hewa: mjusi kafiri anapenda joto la adapta, akikauka juu ya bodi mkojo wake unakula njia za shaba za bodi kuliko chumvi. Na sisimizi vilevile.

Ya pili ni wale 17 wasio na tuna ya kebo. Usiwapeleke dukani kununua DVB-C. Ukigeukia DVB-T, waulize kwanza kama wana kile cha bure cha T2 nyumbani. Kijaribu kwenye waya wako kabla mtu hajatoa shilingi.

---

Kadi_na_Kufuli

Kwa 14 wanaozitaka chaneli nane: wenye CI ni 9 kwa ploti nzima, na huenda si wote wako ndani ya wale 14. Wasio na CI waachie ving'amuzi vya ploti kwa amana tu, ondoa ile 150. Na kwa vile ving'amuzi hivyo ni vya DVB-C, usigeuze masafa yote: weka zile nane kwenye masafa mawili ya DVB-C, nyingine zote DVB-T. Mita yako itapima zote mbili kwenye waya mmoja bila ugomvi, na televisheni nyingi zinashika aina zote mbili, ingawa baadhi hukulazimisha utafute mara mbili, antena kisha kebo. Jaribu kwenye mojawapo ya zile 9 kabla hujatangaza.

Kurudisha amana: pokea king'amuzi, rimoti na adapta, linganisha nambari ya kifaa na daftari, kiwashe mbele ya mpangaji dakika kumi. Kikijizima na kujiwasha, usimkate pesa kabla hujapima adapta: ya volti 12 ikishuka chini ya 11 king'amuzi kikiwa kinafanya kazi, ni kapasita za adapta zilizovimba. Hapo ni umri wa kifaa, si mkono wa mpangaji. Mlipe kwa M-Pesa, andika nambari ya muamala kwenye daftari, wote wawili mtie sahihi.